Mshale Uliokwama: Utabiri na Ushahidi katika Filamu ya The China Syndrome

Sifa isiyowekwa mahali pake ni namna ya dhuluma. Humnyima msifiwa haki ya kusifiwa kwa lile alilolitenda, ikampa badala yake heshima ya jambo asilolikusudia. Dhuluma ya aina hii imeipata filamu ya Kimarekani iitwayo The China Syndrome. Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa kwa umma tarehe 16 Machi, 1979. Siku 12 baadaye, alfajiri ya tarehe 28 Machi, kinu cha pili cha kituo cha Three Mile Island, katika jimbo la Pennsylvania, kilipatwa na ajali ambayo mpaka leo ni kubwa kupita zote katika historia ya umeme wa nyuklia nchini Marekani. Tangu siku hizo ni nadra filamu hii kutajwa bila ya kutajwa neno utabiri. Watu husimulia kwa mshangao kwamba ndani yake yumo mtaalamu anayesema kuwa ajali ya kinu yaweza kuliharibu eneo la ukubwa wa Pennsylvania, na kwamba kabla ya wiki mbili kwisha ajali ikatokea Pennsylvania hiyo hiyo.

Waswahili husema: lisemwalo lipo, kama halipo, li njiani laja. Wenye kuisifu filamu hii kwa utabiri wameshika nusu ya pili ya methali. Haki yake imo katika nusu ya kwanza. Waliyoyasema waandishi wake yalikuwa yapo tayari, yamekwisha kutokea, yameandikwa katika taarifa za wahandisi na kuwekwa katika makabati. Tofauti baina ya mambo haya mawili si ya maneno matupu. Mtabiri hudaiwa na wasikilizaji wake jambo moja tu, nalo ni kusadifu. Akisadifu hushangiliwa, na shauri huishia hapo. Shahidi hudai kitu kwa wasikilizaji wake: huwataka wahukumu, na wakiisha kuhukumu watende. Kuiita filamu hii utabiri ni kuistaajabia na kuondoka. Kuiita ushahidi ni kubaki kitini na kuuliza ni nani aliyejua, alijua lini, na kwa nini hakusikiwa.

Jina lenyewe lataka maelezo. Kinu cha nyuklia huchemsha maji kwa joto litokalo katika kupasuka kwa chembe za urani, na mvuke huzungusha mashine za kuzalisha umeme. Lakini kinu hakifanani na jiko la makaa ambalo likizimwa hupoa polepole bila ya madhara. Hata baada ya mpasuko wa chembe kukomeshwa, mabaki yaliyomo katika kiini cha kinu huendelea kutoa joto jingi, na kiini hicho yapasa kiwe kimefunikwa na maji wakati wote. Maji yakipungua hata kiini kikawa wazi, vyuma vyake huyeyuka. Katika mwaka 1971 mwanafizikia Ralph Lapp alilitaja wazo hili kwa jina la China, kwa mzaha wa kwamba rojorojo la moto lingetoboa sakafu, likashuka ardhini, na kutokea upande wa pili wa dunia. Mzaha huo hauna jiografia, kwani aichimbaye ardhi ya Marekani moja kwa moja angetokea katika maji ya kusini ya Bahari ya Hindi wala si China. Walakini, watu wa kazi hutaniana juu ya yale wanayoyaogopa, na filamu ilifanya vema kuuchukua utani wao kuwa jina lake.

Iliongozwa na James Bridges, ambaye aliiandika pamoja na Mike Gray na T. S. Cook. Mtayarishaji wake alikuwa Michael Douglas, naye aliigiza humo kama Richard Adams, mpiga picha wa kujitegemea. Jane Fonda ni Kimberly Wells, mtangazaji wa televisheni huko Los Angeles, ambaye wakuu wake wanauthamini uso wake kuliko akili yake na kumpa habari nyepesi za kufurahisha watu. Jack Lemmon ni Jack Godell, msimamizi wa zamu katika kituo cha Ventana, kituo cha kubuniwa katika jimbo la California. Wells na Adams wanakwenda Ventana kutengeneza kipindi cha kawaida juu ya nishati. Wakiwa katika ukumbi wa wageni, nyuma ya kioo kisichopitisha sauti, mtetemo unapita katika jengo, taa za hatari zinawaka, na watu wa zamu wanaanza kukimbizana. Adams amekatazwa kupiga picha mahali hapo. Anapiga kwa siri. Kituo cha televisheni kinakataa kuonyesha picha hizo. Godell naye, kwa upande wake, anaanza kuufuatia ule mtetemo, na kila anapofuatia anakuta kwamba kuna watu wasiotaka ufuatiwe.

Moyo wa filamu umo katika tendo moja dogo, na mhakiki anayetaka kuipima kazi hii hana budi kuanzia hapo. Katikati ya msukosuko wa kwanza, kipimo cha kiwango cha maji kinaonyesha kwamba maji yamepanda mno. Godell na wenzake wanafanya lile ambalo akili na mafunzo yao yanawaamuru: wanayapunguza. Bado mshale uko juu, wanayapunguza tena. Ndipo inapogunduliwa kwamba kipimo kingine kinasema kinyume. Godell anakiendea kile cha kwanza na kukigonga kioo chake kwa kidole. Mshale unaanguka. Ulikuwa umekwama. Maji hayakuwa mengi. Yalikuwa karibu kwisha, na kila walichokitenda kwa nia ya kuokoa kilikuwa kimewasogeza katika maangamizi. Uso wa Lemmon katika nukta hiyo ni mojawapo ya mambo makubwa ya senema ya miaka ile. Hapigi ukelele wala hatoi macho. Anafanana na mtu aliyeambiwa jambo la aibu juu ya mkewe mbele ya watu.

Kisa hiki hakikuzuliwa. Mwaka 1970 katika kituo cha Dresden, jimbo la Illinois, si mbali na Chicago, mshale wa kipimo cha maji ulikwama na kuwapotosha waendeshaji wa kinu. Ushahidi wa pili ulitoka katika midomo ya watu. Mwezi wa Februari, 1976, wahandisi watatu wa kampuni ya General Electric, yaani Dale Bridenbaugh, Richard Hubbard na Gregory Minor, waliacha kazi zao kwa hiari wakisema kwamba hawawezi tena kuitetea sanaa waliyoitumikia kwa miaka mingi. Ndio waliokuja kuwa washauri wa kitaalamu wa filamu hii. Kwa hiyo vyombo, vitasa, amri na hofu vinavyoonekana katika chumba cha kuongozea mitambo cha Ventana vilitoka kwa watu waliovijua kwa mikono yao. Kabla ya filamu kuonyeshwa, na katika siku zake za kwanza, wakuu wa biashara ya nyuklia waliilaumu kwa kusema kwamba inawasingizia watu waaminifu. Lawama hiyo ilidumu kwa siku 12.

Yafaa sasa kuyatazama yaliyotokea Three Mile Island, kwa kuwa ndiyo yanayotumiwa kuipa filamu sifa yake isiyo mahali pake. Karibu na saa kumi alfajiri pampu za kulisha maji zilisimama. Kinu kilijizima kama ilivyopasa, na vali moja ikafunguka ili kupunguza msukumo uliozidi. Vali hiyo ilipaswa kujifunga baadaye, haikujifunga. Maji ya kukipoza kiini yakawa yanatoka humo. Katika chumba cha kuongozea mitambo palikuwa na taa ya kuwaarifu waendeshaji habari za vali hiyo, na taa ilizimika, nao wakafahamu kwamba vali imefungwa. Kumbe taa ile haikuunganishwa na vali yenyewe. Ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa. Haikuonyesha kwamba amri imetekelezwa. Kipimo kingine kiliwafanya waamini kwamba maji katika mfumo yamezidi, nao wakayapunguza maji ya dharura yaliyokuwa yakiingia yenyewe kuja kuokoa. Takriban saa mbili na dakika ishirini zilipita kabla ya mtu kuifunga njia ile ya maji kwa vali nyingine. Wakati huo kiini kilikuwa kimekwisha kuwa wazi, na baadaye ilikuja kujulikana kwamba karibu nusu yake iliyeyuka.

Atakayelinganisha visa hivi viwili ataona kwamba havifanani kwa chombo. Ventana ni mshale. Three Mile Island ni taa na vali. Vinafanana kwa kitu kilicho chini ya chombo, nacho ni imani ya mtu kwa alama. Mtu anayefanya kazi nyuma ya kuta za zege haoni maji anayoyaongoza, haoni moto anaoutawala, hashiki chuma kinachomtegemea. Anaona ishara tu, na ulimwengu wake wote ni usomaji. Msomaji huyu akipewa alama ya uongo, kadiri alivyo hodari na mtiifu wa kanuni ndivyo atakavyoharibu zaidi. Filamu haikuijua ajali ya Pennsylvania. Iliujua usomaji huu na hatari zake, kwa sababu ulikuwa umekwisha kuhatarisha watu mahali pengine. Nayo Pennsylvania yenyewe ilikuwa na ushahidi wake uliopuuzwa. Mwezi wa Septemba, 1977, katika kituo cha Davis-Besse, jimbo la Ohio, vali ya aina ile ile ilikwama wazi na waendeshaji wakapotoshwa kwa namna ile ile. Kinu kilikuwa kikitumia nguvu ndogo siku hiyo, na hapakuwa na maafa. Wahandisi wa kampuni iliyokitengeneza waliandika barua za kuonya wenzao. Barua zilitoka meza hii zikaenda meza ile, na onyo halikuwafikia waendeshaji wa Three Mile Island.

Hapo ndipo neno utabiri linapogeuka kuwa udhuru. Likikubaliwa, watu waliozipokea barua wanakuwa sawa na watu waliokaa katika senema: wote hawakujua, wote wameshangaa, wote wamekutwa na jambo la ghaibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini methali hiyo humhukumu aliyeuona ufa. Filamu hii inastahili heshima kwa sababu ilisema kuwa ufa umeonekana.

Katika sanaa yake, jambo la kwanza la kusifiwa ni kimya. Bridges aliuweka wimbo mmoja mwanzoni, watu wakiwa njiani kwenda Ventana. Baada ya hapo hakuna muziki wa kumwongoza mtazamaji aogope lini na ahuzunike lini. Hofu inaletwa na king'ora, na mlio wa mashine, na sauti ya viatu juu ya ngazi za chuma. Uamuzi huo una maana kubwa kuliko urembo. Filamu za kutia hofu kwa desturi humpa mtazamaji ujuzi ambao wahusika hawana: muziki hubadilika, naye akajua kwamba muuaji yu nyuma ya mlango. Hapa mtazamaji hapewi upendeleo huo. Ameachwa pamoja na Godell mbele ya vipimo, asome kama anavyosoma Godell, na akosee kama anavyokosea. Wala hapana budi kumtaja George Jenkins, msanifu wa mandhari, ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa amekijenga chumba cha gazeti katika All the President's Men na kupata tuzo ya Oscar. Vyumba hivyo viwili ni ndugu. Katika kimoja waandishi wanasoma nyaraka, katika kingine mafundi wanasoma vipimo, na katika vyote viwili swali ni moja: alama hii yasema kweli?

Jambo la pili ni tabia ya Godell mwenyewe. Mwandishi dhaifu angemfanya mtu aliyekuwa na mashaka tangu zamani, ili mtazamaji ampende upesi. Godell hana mashaka. Anakipenda kituo chake kama nahodha apendavyo chombo, na mapenzi hayo ndiyo yanayomfanya asikie mtetemo ambao wengine wameuzoea. Anapozitazama picha za eksirei zilizopigwa kukagua maungio ya mabomba, anagundua kwamba mkandarasi hakuyapiga picha maungio yote; amechukua picha ya ungio moja na kuirudia mara nyingi, kana kwamba kila ungio limekaguliwa. Ugunduzi huu ni pacha wa ule wa mshale. Mara ya kwanza chombo kilidanganya kwa kukwama. Mara ya pili karatasi inadanganya kwa sababu mtu ameiamuru idanganye. Godell aliweza kuusamehe uongo wa kwanza, kwa kuwa hauna mwenyewe. Wa pili unamvunja, kwa kuwa unatoka katika nyumba yake. Lemmon alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Cannes mwaka 1979, na hapana aliyeona kuwa alipendelewa.

La tatu, ambalo wanafunzi wa lugha na fasihi wapaswa kulitazama zaidi, ni msiba wa maneno. Mapema katika filamu ipo picha isiyo na sauti: zile tepu za Adams, zilizopigwa nyuma ya kioo, ambamo watu wanaonekana wakihangaika bila ya kusikika. Mtu wa kawaida akizitazama haelewi chochote. Wanahitajika wataalamu wawili kuzifasiri. Mwishoni ipo sauti isiyo na picha ya kueleweka. Godell amekiteka chumba cha kuongozea mitambo kwa bastola aliyomnyang'anya mlinzi, na kwa nguvu hiyo amepata kile alichokitaka, nafasi ya kusema mbele ya televisheni. Kamera inawashwa. Nchi inasikiliza. Naye hawezi kusema! Anaanza na mtetemo, anarukia pampu, anarudi nyuma kueleza picha, anataja majina ya vyombo ambayo hayana maana kwa mtu aliyekaa nyumbani. Anayo kweli yote, lakini hana lugha ya kuivika. Ni katika kusitasita huko wakuu wanapata nafasi ya kuukata waya na kuingia kwa silaha.

Tukio hili ni zito kuliko kifo kinacholifuata. Linasema kwamba elimu iliyofungwa ndani ya istilahi za wenyewe ni mshale mwingine uliokwama: iko, lakini haionyeshi. Kampuni yenyewe haina taabu hiyo. Msemaji wake anayo maneno laini, mepesi, yenye adabu; mtikisiko mkubwa huuita tukio la kawaida, na hatari huiita jambo lililodhibitiwa. Kwa hiyo mtazamaji anabaki baina ya mtu mwenye kweli asiye na maneno na mtu mwenye maneno asiye na kweli. Kazi ya Kimberly Wells, na kazi ya kila mwandishi anayestahili jina hilo, iko katika pengo hilo. Filamu inamkuza mtangazaji huyu polepole mpaka aone kwamba hakuumbwa kupamba habari, bali kuivusha kweli kutoka kinywa kigumu hadi sikio la mtu wa kawaida.

Pamoja na sifa zote hizi, kazi hii ina kasoro, na mapenzi hayapasi kuificha. Fundi wa sauti Hector Salas, anayechukua picha za eksirei kuzipeleka penye baraza la kusikiliza maoni ya umma, anasukumwa na gari lake barabarani na kuumizwa vibaya. Godell mwenyewe anakimbizwa na magari. Ghafla mtazamaji amehamishwa kutoka nchi ya vipimo na nyaraka, akaingizwa katika nchi ya majambazi, ambako wabaya wanajulikana kwa mwendo wa magari yao. Watetezi wa filamu hutoa hoja yenye uzito. Hukumbusha habari za Karen Silkwood, mfanyakazi wa kiwanda cha plutoniamu huko Oklahoma, aliyedai kwamba ukaguzi wa maungio ulighushiwa, na aliyekufa katika ajali ya gari tarehe 13 Novemba, 1974, akienda kuonana na mwandishi wa gazeti. Fonda alikuwa ametaka kutengeneza filamu juu ya mwanamke huyo kabla ya kuingia katika hii. Basi, wasema watetezi, magari nayo ni ushahidi.

Hoja hiyo haitoshi. Mauti ya Silkwood yamebaki kuwa jambo lenye kubishaniwa; wako waliosema kwamba alisukumwa, na wako waliosema kwamba alisinzia. Filamu imelichukua shaka ikaligeuza yakini, kwa sababu hadithi ya kutia hofu haiwezi kungoja. Shahidi anayeongeza neno moja kwa ajili ya kunogesha huyatia doa na maneno mengine tisa yaliyo sahihi. Na kuna hasara kubwa zaidi. Mbaya mwenye gari humpunguzia mtazamaji mzigo. Humwambia kwamba hatari inatoka kwa watu waovu, nao wakishikwa, hatari itaondoka. Three Mile Island haikuwa na majambazi. Ilikuwa na watu wa zamu waliosoma taa kama walivyofundishwa, wahandisi walioandika barua, na wakuu waliozisoma nusu nusu. Tume iliyoteuliwa na Rais Jimmy Carter, chini ya mwanahisabati John Kemeny, ilitoa taarifa yake mwezi wa Oktoba, 1979. Ilisema kuwa ila ya msingi ilikuwa katika watu na taratibu zao kuliko katika vyombo, na ililaumu ile imani iliyokwisha kuota mizizi kwamba vituo vilikuwa salama vya kutosha. Imani hiyo haiwezi kukamatwa na polisi. Nusu ya kwanza ya filamu inaijua. Nusu ya pili, kwa haraka ya kufika mwisho, inaisahau.

Mwisho wenyewe, hata hivyo, unairudisha filamu katika njia yake. Godell anapigwa risasi. Wakati ule ule kinu kinazimwa kwa ghafla kwa hila ya wenzake, na mtetemo alioutaja unakuja mbele ya macho ya wote, ukaing'oa pampu mahali pake. Kinu hakiyeyuki. Wako waliosema kwamba kwa hiyo filamu imekubali bila ya kutaka kuwa usalama wa kituo ulikuwa wa kutosha. Wasomaji hao wameitafuta hukumu katika chuma, nayo haimo humo. Imo nje ya lango, ambako msemaji wa kampuni anawaambia waandishi kwamba marehemu alikuwa mtu aliyechanganyikiwa. Wells anamwendea Ted Spindler, rafiki wa Godell, mfanyakazi wa siku nyingi, mwoga wa kupoteza kazi, na kumtaka aseme. Wilford Brimley anaicheza nafasi hii kwa uzito wa mtu anayeinua mzigo. Spindler anatazama huku na huku, kisha anasema hadharani kwamba rafiki yake hakuwa mwendawazimu, na kwamba asingefanya alivyofanya bila ya sababu. Hayo hayakutosha kumfufua mtu; yalitosha kuugonga mshale. Kisha matangazo yanakatika, na juu ya kioo inabaki ile mistari ya rangi ambayo vituo vya televisheni hutumia kupimia vyombo vyao. Majina ya wahusika yanapita katika kimya kitupu.

Insafu yadai pia kusema lile ambalo filamu haikulithibitisha. Haikuthibitisha kwamba umeme wa nyuklia ni laana. Mionzi iliyotoka Three Mile Island ilikuwa kidogo, ingawa watu wapatao 140,000 waliyahama makazi yao kwa hofu, na uchunguzi mwingi uliofuata haukuonyesha madhara ya wazi katika afya ya majirani. Kinu cha kwanza cha kituo hicho, ambacho hakikuguswa na ajali, kilirudi kazini mwaka 1985 na kuendelea mpaka mwaka 2019. Na mwezi wa Septemba, 2024, ilitangazwa azma ya kukiwasha tena ili kuzalisha umeme kwa ajili ya kampuni ya Microsoft. Mtu aweza kuipokea habari hiyo kwa furaha au kwa wasiwasi, na filamu hii haitamchagulia.

Inachoweza kumpa ni namna ya kuuliza. Baada yake kilikuja Chernobyl, tarehe 26 Aprili, 1986, ambako watu wa zamu walikuwa wakiendesha kinu ambacho ila zake zilijulikana kwa wakubwa na kufichwa kwao. Ikaja Fukushima, tarehe 11 Machi, 2011, ambako makadirio ya mawimbi makubwa kuliko kinga ya kituo yalikuwa yamefanywa ndani ya kampuni yenyewe tangu mwaka 2008. Na tume ya bunge la Japani ikasema mwaka 2012 kwamba maafa yale yalikuwa kazi ya binadamu. Mahali pote palikuwa na mtu aliyesoma alama sawasawa kabla ya wakati, na pote palikuwa na mwingine mwenye cheo aliyeona ni nafuu mshale ubaki pale ulipokwama.

Mtabiri mmoja akipatikana katika karne hutosha. Mashahidi wanahitajika kila siku, katika kila zamu, na karibu wote ni watu wa namna ya Spindler: hawana ufasaha, wana watoto wa kulisha, na wanamwogopa mkubwa wao. The China Syndrome ni kazi yenye kasoro iliyowapa watu hao sauti kwa dakika chache kabla ya matangazo kukatika. Mwenye kuitazama leo asiulize waandishi wake walijuaje. Aulize wangapi walijua pamoja nao, wakanyamaza.